Papa Alipoomba Maji kwa Kuimba

Kabla ya kuugua, Papa, baba yangu, hakuwa mtu wa kuimba. Katika shapeli yetu ya Nyamitaba alikaa benchi la nyuma pamoja na wanaume wengine wenye ng'ombe, kofia juu ya goti, na korali ya waimbaji ilipoanza yeye aligeuza uso kuelekea mlangoni, kuangalia kama mvua inakuja au kama ndama wa mtu ameruka ua. Mama alimgusa kwa kiwiko.

"Imba, basi. Mungu alikupa mudomo ya kazi gani?"

"Ya kuita ng'ombe," alijibu Papa.

Lakini katika kuongea hakuna aliyemshinda. Asubuhi tulibeba mabido, madumu ya maziwa, mpaka barabarani, mahali ambapo pikipiki za Kitshanga ziliyachukua. Mimi nilirudi nyumbani kuosha vyombo, yeye akabaki kule na watu. Alirudi jua limekwisha kupanda, amejaa habari: ng'ombe wa nani amezaa mapacha, nani ameposa wapi, mchungaji gani amelala hubiri likamponyoka. Alipokuwa anasimulia alirefusha neno, akanyamaza kidogo mahali patamu, akatuacha tunangoja. Nilikuwa msichana mkubwa wakati ule, niliyebaki nyumbani baada ya dada zangu kuolewa. Jioni nilichagua maharage karibu na moto na kujifanya sisikilizi, kumbe sikutaka neno hata moja linipite.

Siku alipoanguka alikuwa anakamua. Ng'ombe hakumkanyaga, alisimama kimya juu yake mpaka kaka yangu akafika. Mkono wa kuume na mguu wa kuume havikumtii tena, na mdomo ulikuwa umeenda upande mmoja. Wanaume walimbeba kwa machela ya miti mpaka kituo cha afya. Muganga wa pale alikaa naye muda mrefu, akamshika mkono, akamwuliza mambo. Kisha akatuita nje, akatuambia ukweli bila kuuzungusha.

"Damu imeharibu fasi moja ndani ya kichwa. Mguu utarudia pole pole, mumutembeze kila siku. Maneno, siwezi kuwaahidi. Lakini anasikia yote. Musiongee juu yake kama hayupo."

Neno lililobaki kinywani mwa Papa lilikuwa moja tu: ile. Maji yalikuwa ile. Mama alikuwa ile, mimi ile, ng'ombe ile. Alilisema kwa sauti zote, ya kuomba, ya kuuliza, ya hasira, akitutazama machoni kama mtu aliye ng'ambo ya mto anayewapigia kelele watu wasiosikia. Sisi tulikisia. Tulimletea fimbo, tukamletea uji, tukamfungulia dirisha. Mara nyingine tulipatia. Mara nyingi hatukupatia, naye alisukuma kikombe kwa mkono wa kushoto kikamwagika, kisha akageukia ukuta. Marafiki zake wa barabarani walikuja mwanzoni na maziwa na maneno ya kumtia moyo. Pole pole wakapungua. Sikuwalaumu. Walikuwa wamezoea kuja kusikiliza, na sasa ni wao waliotakiwa kuongea, mbele ya mtu aliyekuwa anawashinda wote kwa kuongea.

Sasa nieleze juu ya Mwalimu. Alikuwa mama mmoja mjane wa kilima cha pili, wa familia ya wakulima waliolima udongo ule tangu babu za babu zao. Alikuwa amefundisha shule miaka yake yote, na alipopumzika kazi alianza jambo ambalo watu wengi waliliona la ajabu: kila siku ya posho, yaani Jumamosi, mchana alifungua shapeli na kufundisha muziki kwa yeyote aliyetaka. Si korali. Korali ilikuwa na watu wake na sare zake. Hili lilikuwa darasa. Alisimamisha tablo nyeusi juu ya kiti, akachora ngazi ya noti kwa chaki, do, re, mi mpaka juu, na watu walikaa mbele yake: watoto wenye magoti yenye vumbi, wasichana, akina mama wenye watoto mgongoni, na katekista mmoja mzee ambaye alikuwa amebakiwa na meno machache. Wengine walimcheka. Walisema, mtu mzima anajifunza do-re-mi ili ale nini? Yeye alijibu kwamba mtu halii wala hacheki kwa sababu ya kula.

Kati yake na Papa hapakuwa na urafiki. Mwaka mmoja ng'ombe zetu zilikuwa zimeingia katika shamba lake la maharage usiku zikalimaliza. Papa, mwenye maneno mengi, alisema ua wake ndio ulikuwa mbovu. Tangu siku ile walisalimiana kwa vichwa tu.

Papa alipoweza kutembea kwa fimbo, mimi na kaka yangu tulimpeleka shapeli siku ya Mungu, mmoja kila upande. Tulimkalisha benchi lake la nyuma. Watu wakaanza wimbo unaojulikana na kila mtu, ule ambao hata mtoto anaujua kabla ya kujua njia ya kisima. Nikasikia sauti ya kiume karibu na sikio langu, nzito, yenye kutu. Niligeuka. Ilikuwa ya Papa. Alikuwa anaimba, na hakuwa anaimba ile, ile, ile. Alikuwa anaimba maneno. Yote, moja nyuma ya lingine, mpaka mwisho wa kiitikio, akitazama mbele kama mtu aliyeshangaa mwenyewe. Kaka yangu aliacha kuimba. Mama, upande wa wanawake, alisimama wima na kugeuka kututafuta kwa macho.

Wimbo ulipokwisha nilimwinamia. "Papa, umesema nini?"

"Ile," akajibu, na machozi yakamtoka.

Siku iliyofuata Mwalimu alikuja kwetu akitoka shambani, jembe begani, udongo bado kwenye miguu. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia uani kwetu tangu mambo ya maharage. Hakukubali kiti.

"Muzee aliimba jana," alimwambia Mama. "Mulisikia?"

"Tulisikia."

"Na maneno yote. Kwa hiyo maneno haikupotea. Iko ndani. Imekosa mulango ya kutokea, njo vile. Mumulete kwangu siku ya posho."

"Na batoto je? Batamucheka."

"Batacheka siku ya kwanza. Kisha batazoea."

Mama alimtazama Papa, aliyekuwa amekaa kwenye mlango wa jiko. Papa alitazama chini. Kisha akainua fimbo yake kidogo na kuigonga ardhini, na sote tulielewa kwamba amekubali.

Watoto walicheka, kweli. Mwalimu alikuwa amemweka mbele kabisa, katikati yao, na alipomwomba aseme jina la noti ya kwanza Papa alisema "ile", na shapeli nzima ikalipuka. Papa alijaribu kuinuka aondoke, lakini mguu wake ulikuwa wa pole pole. Mwalimu hakuwakemea watoto. Alikaa kando ya Papa, akachukua mkono wake wa kushoto, akaugonga juu ya benchi, mara moja juu, mara moja chini, huku akivuma sauti mbili tu, sol na mi, kama mama anayemwita mtoto kutoka mbali. Aliwaambia watoto wagonge na wao. Baada ya muda shapeli nzima ilikuwa inagonga na kuvuma, na Papa katikati yao, na hakuna aliyekumbuka kucheka.

"Kuvuma kwanza," aliniambia tulipotoka. "Kisha kuvuma na kugonga. Kisha neno moja juu yake. Neno ambayo anaihitaji kila siku. Maji. Na nyumbani mufanye vile vile. Wewe njo utamufundisha."

"Mimi? Sijui kuimba, Mwalimu."

"Imba sol."

Nikaimba kitu.

"Hapana," alisema, akicheka. "Basi na wewe uje siku ya posho."

Ndivyo nilivyoingia darasani, mtu mzima, kwa ajili ya baba yangu. Wiki za kwanza sikusikia tofauti ya noti moja na nyingine. Kwangu zote zilikuwa sauti tu. Mwalimu alinisimamisha karibu na mabinti wadogo na kuniambia nisiimbe, nisikilize. Kisha siku moja, katikati ya mvua iliyopiga mabati mpaka hatukusikiana, nilisikia ndani ya kichwa changu mi ikishuka kutoka sol, mahali pake kabisa, kama mguu unaokuta ngazi gizani. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua jina lake. Tangu hapo nilianza kusikia vitu ambavyo vilikuwepo siku zote: jinsi Mama anavyoita kuku, jinsi mtu mwenye huzuni anavyoshusha mwisho wa salamu. Nilianza pia kusikia ile ya Papa. Haikuwa moja. Ile ya maji ilikuwa fupi na ya juu. Ile ya kuchoka ilishuka. Alikuwa anatuambia muda wote, na sisi tulikuwa tunasikiliza neno badala ya sauti.

Mama peke yake alikataa. Alisema ana kazi, na sauti yake ni ya kufukuza mbuzi. Lakini alipokoroga bugali nilimsikia anavuma, sol, mi, sol, mi, na mwiko unagonga chungu.

Msimu mzima wa mvua ulipita hivyo. Papa aligonga na kuvuma, na lilipofika neno, ile ilitoka. Kuna siku alikataa kwenda. Kuna siku nami nilitaka kukataa. Kisha asubuhi moja, mimi na wazazi wangu tukiwa jikoni kwa sababu ya baridi, Papa aligonga goti lake kwa mkono wa kushoto na kuimba:

"Ma-ma. Ma-ji."

Mama aliacha kukoroga. Aligeuka pole pole na kuweka mikono kiunoni.

"Rudilia."

"Ma-ma. Ma-ji."

"Sikusikia vizuri, Papa wa batoto. Rudilia tena."

Alikuwa amekwisha kushika kikombe kilichojaa, amekificha nyuma ya mgongo, anacheka. Papa akakasirika. Akaimba kwa nguvu zake zote, mpaka jirani akafika mbio akidhani nyumba inaungua, akatukuta tunacheka sote watatu na maji yamemwagika sakafuni.

Sitaki kusema kwamba alipona. Hakurudia tena kuwa yule wa barabarani. Lakini kwa sauti zile mbili, na baadaye tatu, alipata maji, chumvi, blanketi, hapana, njoo. Alipata jina langu. Watu waliposikia, wazee wengine walianza kuja Jumamosi, bila kuitwa: bibi mmoja aliyekuwa hatoki nyumbani tangu kufiwa na mume, na hata wawili kati ya wale wanaume wa benchi la nyuma. Yule katekista alisema kifua chake kimefunguka na sasa anapanda kilima bila kupumzika. Watoto, ambao shuleni walisukumana kila saa, pale walijifunza kungojana, kwa sababu wimbo wa sauti mbili hauendi ukikimbia peke yako. Nilikuwa nakaa katikati ya watu wale, wa ng'ombe na wa jembe, na kuwaza kwamba sijawahi kuona mahali pengine ambapo mtoto na babu wanakosea kitu kilekile kwa wakati uleule na kuanza upya pamoja.

Kuna Jumamosi moja ninayoirudia kichwani kuliko zote. Wiki kadhaa Papa alikuwa anajaribu neno fulani nyumbani, na hatukumwelewa. Alivuma, akagonga, akasema "ma-ha", akakwama, akapiga paja kwa hasira. Mama alidhani ni mahari, kwamba anataka niolewe. Mwisho wa darasa, watu wakiwa wanatoka, Papa alibaki amekaa. Mwalimu alikuwa anafuta tablo.

"Ma-ha-ra-ge," aliimba Papa.

Mwalimu aligeuka na kitambaa mkononi. Papa alinyoosha fimbo kuelekea kilima chake, kisha kuelekea ng'ombe zetu zilizoonekana kupitia mlango. Akagonga benchi. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Ma-ha-ra-ge. Po-le."

Nilielewa kabla ya Mwalimu kujibu, na nikatazama kando, kwa maana lile lilikuwa lao wawili. Mwalimu alikaa kwenye benchi la watoto. Alijibu kwa kuimba, kwa sauti zilezile mbili:

"Ni-li-sa-ha-u za-ma-ni."

Papa akatikisa kichwa, akitabasamu kwa ule upande mmoja wa mdomo. "Hapana," aliimba. Mwalimu akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha chaki, uso ukabaki mweupe.

"Ni kweli," alisema. "Sikusahau. Lakini leo njo ninasahau."

Mwaka uliofuata vita vilifika upande wetu. Tuliondoka asubuhi, kila mmoja na alichoweza kubeba. Familia ya Mwalimu ilielekea Lushebere, ambako mtoto wake mmoja alikuwa na mke wa kule. Sisi tulielekea Kitshanga, tukaingia kambini. Hatukuagana. Nilidhani tutaonana baada ya siku chache, kama tulivyokuwa tumekimbia na kurudi nyakati nyingine. Hatukurudi.

Kambini Papa alikaa mbele ya hema letu na kuimbia wapita njia. Wengine walidhani amechanganyikiwa, wengine walidhani ni nabii. Watoto walimpenda. Lakini maneno yalianza kupungua. Nilijaribu kumfundisha peke yangu, jioni, nikigonga bido tupu. Nilijua noti zote, na sauti yangu ilikuwa imenyooka. Ila hakunifuata kama alivyomfuata Mwalimu. Na kila ilipofika Jumamosi, sijui alijuaje kwamba ni Jumamosi, aligonga goti na kuimba:

"Mwa-li-mu?"

"Iko Lushebere, Papa," nilimjibu.

"Mwa-li-mu?"

"Barabara imefungwa. Ikifunguka tutaenda."

Alikubali kwa kichwa. Wiki iliyofuata aliuliza tena. Kifua ndicho kilichomchukua, msimu wa baridi na matope. Tulimzika Kitshanga, mbali na ng'ombe na mbali na kilima chake. Watu wa hema za jirani waliimba vizuri. Mimi nilisimama nikitafuta sauti ya pili, ile ya chini ambayo Mwalimu alikuwa anaimba mwenyewe ili sisi wengine tusianguke, na haikuwepo.

Sasa ninaishi Walikale. Mume wangu ni seremala wa huku, mtu mwenye subira. Hapa ni msitu, kuna joto, watu wanakula ndizi na samaki wa mto, na maziwa ni ya unga katika kopo. Nimezoea. Ila alfajiri bado naamka kabla ya watu wote, mikono ikitafuta kitu cha kukamua, na kabla sijafungua macho nasikia baridi ya Nyamitaba, harufu ya nyasi na moshi, mtu anavuma jikoni.

Nimefungua darasa. Mume wangu alinitengenezea tablo, na kanisa letu dogo limenipa Jumamosi mchana. Mwanzoni walikuja watoto tu, kwa kuchungulia. Kisha mama zao, wanaouza mawese sokoni, wakitoka na mikono bado ina mafuta. Sasa kuna mzee mmoja anayekuja na koti hata kukiwa jua kali. Alisema anataka kusoma noti kabla ya kufa, nikamwambia aketi mbele. Wananiuliza inaleta faida gani, nami sina maneno makubwa ya mikutanoni. Nawaambia nilikuwa na baba aliyekosa maneno yote, na kuimba ndiko kulikompa mlango.

Miezi michache iliyopita dereva mmoja wa pikipiki aliyekuwa ametoka upande wa Masisi aliniambia anamfahamu mama mzee wa Lushebere anayefundisha watoto wa kambi kuimba, na kwamba mtoto wa yule mama ana simu. Alinipa namba. Niliibeba kwanza siku kadhaa bila kupiga. Nilipanda juu ya jiwe kubwa, mahali penye rezo ya simu, nikapiga, na nikasikia sauti ambayo ningeitambua katikati ya soko.

Nilisema mimi ni nani. Alipiga kelele ya furaha. Kisha, kabla ya jambo lingine lolote, akauliza:

"Na Papa, iko namna gani?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilimwambia mimi, juu ya jiwe lile, watu wakipita na mizigo yao. 

"Aliendelea kuimba?" akauliza.

"Aliendelea. Kila siku ya posho alikuuliza."

"Alinitaja vipi?"

Nikamwimbia, jinsi Papa alivyoimba.  Kisha, kwa sababu ni mwalimu, akaniuliza kama nafundisha, nikamwambia ndiyo, akaniambia nimwimbie wimbo ninaoanza nao. Nikaimba mistari miwili.

"Unaanzisha juu sana," alisema. "Bazee batashindwa. Shusha kidogo. Na usiimbe sauti ya kwanza, uwaachie wenyewe. Wewe uimbe..."

Hapo rezo ikakatika. Nilipiga tena na tena, simu haikupatikana, na tangu hapo bado haijapatikana. Dereva amesema barabara ni mbaya, na hakuna anayejua lini itakuwa nzuri.

Jumamosi iliyofuata nilishusha wimbo. Mzee wa koti aliufikia bila kukohoa, akanitazama kwa fahari. Akina mama wa mawese walishika sauti ya kwanza, watoto nyuma yao, na mimi nikaenda chini, mahali alipokuwa anasimama Mwalimu, nikaimba kule peke yangu.